Gumba Langu Kwenye Ile Valvu

Kambu, Jumapili, saa nane mchana

Mwende, mama,

Wewe na anti yako Nduku mmeenda Kibwezi kununua blanketi na sanduku, na mimi nimefunga kibanda mchana peupe, jambo ambalo watu wa Kambu watalijadili mpaka Krismasi. Nimesukuma redio na simu za wateja kando ya meza nikapata nafasi ya karatasi. Natumia kalamu ya bluu kwa sababu nyekundu ni ya walimu, na mimi na walimu tuliachana darasa la saba kwa heshima, kila mmoja akimshukuru Mungu kivyake.

Kesho saa tatu asubuhi unaondoka kwenda Eldoret kusomea mashine za hospitali. Mambo ya kula vizuri, kulala mapema na kuchagua marafiki sitayaandika. Anti yako atayasema, na akimaliza atayarudia kwa Kikamba ili yaingie. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka minane, na sitaki uondoke bila kulijua.

Ni habari ya amplifaya ya mama yako.

Najua sasa hivi umecheka ukasema, "Anko ameanza." Una haki. Ni mimi niliyewaambia watu kwamba siku ya kwanza nilipoiwasha hapa Kambu ndovu kumi na mmoja walitoka porini wakajipanga nje ya ua kama kwaya, na yule mkubwa akapiga besi kwa mguu. Hiyo nitairekebisha huko chini. Kwanza nipitie njia iliyonyooka, hata kama siijui sana.

Mama yako Kalunde, dada yangu, alikuwa mpishi kwa meneja wa shamba la makonge karibu na Kibwezi. Ile familia ilipohama ilimwachia amplifaya na spika mbili kubwa kama makabati. Wenzake walipewa sufuria na mapazia. Yeye alifurahi kuwashinda wote, akaibeba mpaka kwetu Zombe, ambako wakati huo stima ilikuwa kitu cha kusikia kwa majirani wa mbali. Akaiweka juu ya kabati akaifunika kitambaa cha kufuma. Kila Jumamosi aliitoa vumbi. Watu walimcheka. "Kalunde, hiyo sanduku yako itaimba lini?" Naye hujibu, "Inapumzika. Imeimba sana kwa wazungu."

Hakuwahi kuisikia nyumbani kwake. Hilo likinijia nikiwa na mteja hugeukia ukuta nasingizia vumbi.

Alipofariki ulikuwa na miaka saba. Nilikuleta hapa Kambu na amplifaya kwenye pikapu moja, wewe mbele, yenyewe nyuma ndani ya godoro. Hapa palikuwa na stima. Nikaisafisha, nikatoa nyumba za nyigu kwenye transfoma, nikaiwasha, na zile taa za kioo ndani yake, ambazo sisi mafundi huziita valvu, zikaanza kuwaka polepole kama makaa yanayopulizwa na mtu asiye na haraka. Kisha nikaiunganisha na redio ya kaseti nikatia kaseti ya kwaya ya Zombe. Unakumbuka? Ulikuwa umeshika sketi yako kwa mikono miwili. Akina mama wakaanza kuimba, na ulipofika wimbo wa pili ukanyoosha kidole kwenye spika ya kushoto ukasema, "Huyu ni mama. Safu ya pili, wa mwisho." Nilitega sikio. Ni kweli, alikuwa yeye, na ile sauti yake inayochelewa kidogo kama mtu anayefunga mlango akifuata wenzake.

Tangu siku hiyo Jumamosi saa kumi ikawa ni saa yako. Nilikufundisha mwenyewe: kwanza hakikisha waya za spika zimeshika, kwa maana amplifaya ya namna hii ikipiga bila spika inajiunguza yenyewe. Kisha bonyeza. Kisha ungoje valvu zipate moto kabla ya kufungua sauti. Ulikuwa ukingoja kwa kuhesabu mpaka mia, kwa Kiswahili, na ukikosea unaanza upya. Sijaona mtoto wa kungoja kama wewe. Mimi hata chai sijawahi kungoja.

Sasa nije kwenye ile Jumamosi mbaya. Wewe unaikumbuka kwa njia yako. Soma yangu.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Akina mama wanne wa kwaya ya Zombe walikuwa wanakuja kututembelea. Mimi nilikuwa nimewapigia simu nikawaambia wataisikia kwaya yao kama inavyosikika mbinguni, kwa sababu nina mashine ambayo hata Nairobi hawana. Baada ya kusema hivyo, Ijumaa nikaitazama mashine nikaona valvu zina vumbi. Nikasema, hapana, lazima zing'ae.

Nikazitoa zote. Nikachukua kitambaa na mafuta taa nikazisugua kama mtu anayesugua glasi za harusi. Ziling'aa! Kisha nikaangalia kitambaa nikaona kimejaa weupe weupe. Ni zile herufi, Mwende. Jina na namba ya kila valvu huandikwa juu ya kioo kwa rangi isiyovumilia hata jasho la kidole, na mimi nilikuwa nimefuta zote. Mpaka leo ukiuliza kwa nini valvu za anko wako hazina majina kama za watu wengine, mimi husema ni za jeshi, ziliachwa bila majina kwa usalama wa taifa. Ni mafuta taa.

Hilo lingekuwa dogo. Kubwa ni ile nene iliyo karibu na transfoma. Ilikuwa imekwama kwenye soketi. Ilinipasa nishike kitako chake cheusi na kuivuta taratibu nikiiinua wima. Mimi nikashika kioo nikaitikisa huku na huku kama ng'ombe anayeng'olewa jino. Ikatoka. Lakini pale chini, katikati ya zile pini nane, kuna kidole cha plastiki chenye mgongo upande mmoja. Unakijua. Ndicho kinachofanya valvu iingie njia moja tu, kama ufunguo. Kile kidole kilibaki ndani ya soketi.

Mwanaume mwingine angeenda kutafuta fundi. Mimi ndiye fundi. Nikakitoa kwa koleo, nikatia supaglu, nikakibandika mahali pake nikakikandamiza na gumba. Hapo hapo mteja akaniita mlangoni, "Kioko! Simu yangu imekufa au inalala?" Nikageuka kumjibu. Niliporudisha macho gundi ilikuwa imekauka, na gumba langu limeshikwa nayo kwenye kitako cha valvu. Nilinyofoa nikaacha ngozi. Kidole cha plastiki kilikuwa kimeshika vizuri sana. Kwamba kilikuwa kimezunguka kidogo, na sasa kila pini ingeingia tundu lisilo lake, sikuona. Niliichomeka, ikaingia laini, nikajipongeza kwa sauti. Stima ilikuwa imepotea siku hiyo, kwa hivyo sikuijaribu. Na kuna jambo lingine. Fiuzi ilikuwa imekatika mwezi mmoja nyuma nikaifunga kipande cha waya wa baiskeli. Kile kitu cha kutuokoa nilikuwa nimekiondoa mapema.

Jumamosi akina mama walikuja, wakanywa chai. Saa kumi stima ilikuwepo. Ukainuka mwenyewe, umevaa ile gauni ya kanisani, ukakagua waya za spika, ukabonyeza. Ukaanza kuhesabu. Ulipofika kumi na tisa ikatoa mlio kama chapati ikiguswa na mafuta, kisha moshi, na ile harufu.

Nilijua papo hapo. Nakuambia nilijua kabla moshi haujafika dirishani. Na akina mama wanne wa Zombe wakanigeukia mimi, bingwa wa mashine ambayo hata Nairobi hawana. Nami nikakugeukia wewe.

"Mwende! Umefanya nini? Hii ni mikono gani?"

Ukasema, "Nimebonyeza tu, Anko."

Nikasema, "Ungekuwa umebonyeza tu ingeungua?"

Uliitazama mikono yako. Siwezi kuandika zaidi kuhusu hapo.

Kwa wiki nzima nilijiambia nitakuambia kesho. Kisha nikafunga amplifaya kwa leso ya anti yako nikaenda nayo Kitui mjini, kwa fundi Salim, yule mzee ambaye babu zake walikuja kutoka pwani, mwenye kibanda nyuma ya soko. Alifungua, akanusa, akatoa ile valvu nene akaigeuza juani.

"Nani alichomeka hii?"

"Mtoto."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Akasogeza miwani. "Mashallah. Miaka kumi na mmoja, na gumba kama la mchimba kisima." Kwa sababu alama yangu ilikuwa pale kwenye gundi, mistari yote, hata lile kovu la panga. Nikatia mkono mfukoni. Akaniangalia mfuko. "Na huu waya wa baiskeli kwenye fiuzi, pia ni mtoto?"

Nikasema hali ya hewa ya Kitui imekuwa kavu sana.

"Haya," akasema, "mwambie huyo mtoto wako, siku nyingine akivunja kitu aseme amevunja. Gundi ni ya viatu."

Alichukua miezi saba kuifunga upya transfoma na kupata valvu nyingine. Miezi saba, Mwende. Nilijaribu kukuchezea ile kaseti kwenye redio ndogo ya kibandani ukasikiliza kidogo ukasema, "Zima, Anko. Huyo si yeye."

Nilipoirudisha ikiwa nzima nilishuka hapa barabarani nikaitangaza. Nilisema nimeitengeneza mwenyewe, siku tatu bila kulala, nikifunga nyuzi nyembamba kuliko nywele. Sikumtaja Salim. Madereva wa malori walinipa mkono. Na wewe ulikuja hapa kwenye meza hii, ukasimama, ukasema, "Asante, Anko. Na pole kwa vile niliharibu."

Nikakuwekea mkono kichwani nikasema, "Nimekusamehe."

Nilikusamehe kosa langu mimi. Katika uongo wote nilioutoa kinywani mwangu, na nimetoa wa kujaza lori na trela, huo ndio pekee ninaouonea haya. Ule mwingine watu waliucheka wakaenda nyumbani. Huo ulipewa mtoto akaubeba.

Kwa sababu tangu siku hiyo hujabonyeza swichi. Nimekuangalia. Jumamosi unangoja niwashe mimi, wewe unakaa kwenye kigoda mikono imekunjwa. Unazikagua valvu kwa macho tu, mikono nyuma kama askari wa gwaride. Na macho hayo! Nani aliona ile valvu ya kulia inaiva nyekundu mimi nikiwa nampigia mteja hadithi? Ulipiga kelele "Anko, zima, bati lake la ndani limekuwa jekundu!" na nikazima, na ungechelewa kidogo tungekuwa tena kwa Salim. Nani aliona ule weupe? Mimi nilikuwa naiambia valvu ndogo ya kushoto ijitahidi, wewe ukasema, "Anko, hii imekufa. Ule mng'ao wa fedha juu ya kioo umekuwa mweupe kama maziwa, maana yake hewa imeingia." Na spika moja ilipoanza kukwaruza, nikataka kuifungua spika, ulisema kutoka kwenye kigoda, "Badilisha zile ndogo mbili, ya kushoto iende kulia. Mkwaruzo ukihama, ubaya ni wa valvu." Ukahama. Nilimwambia mwenye duka la mbolea kwamba nimegundua njia mpya ya kupima. Alinishangaa sana. Ilikuwa ni yako.

Mimi ndiye niliyekuwa na mikono ndani ya amplifaya miaka hiyo yote, na wewe ndiye uliyekuwa fundi.

Nilidhani yameisha. Ulipoitwa Eldoret nilisema, tazama, hakuumia. Halafu Jumatano nilikuwa nyuma ya jikoni natafuta koleo, na mabati ya jikoni letu hayafichi kitu. Nikakusikia.

"Anti, na nikiwaandikia wanibadilishe niende upishi?"

"Upishi? Wewe unayeunguza mahindi ya muthokoi yakiwa bado kwa gunia?"

Ulicheka. Kisha ukasema, "Heri muthokoi. Kule kuna zile mashine za kuwapa joto watoto wachanga. Mtoto atakuwa amelala ndani. Na mikono yangu unaijua, Anti. Ya mama nilibonyeza tu."

"Hiyo ni ya zamani. Na anko wako alikusamehe."

"Najua. Lakini mikono si ni ile ile?"

Nilikaa chini kwenye majivu, na suruali ya kazi. Anti yako alipoiona aliniuliza nimekaa wapi, nikasema nilianguka nikimfukuza nyoka. Hapakuwa na nyoka.

Kwa hivyo nakuambia, na kalamu ya bluu, na jina langu nitaliweka chini: mikono yako haijawahi kuunguza kitu. Ulikagua waya, ukabonyeza kama ulivyofundishwa, ukangoja kwa kuhesabu. Kila ulichofanya siku hiyo kilikuwa sawa. Kila kilichokuwa kibaya nilikifanya Ijumaa.

Huko unakoenda utavunja vitu. Hata Salim amevunja. Sikuambii usivunje. Nakuambia nilichokiona kwangu: kuvunja kile kidole cha plastiki kulinichukua sekunde moja, na kungemalizika kwa neno moja kwa mtu mmoja. Kukificha kumenichukua miaka minane na bado nilikuwa naongeza gundi. Ukiona umekosea kwenye mashine ya mtu, inua mkono kabla hawajaiwasha. Watakukasirikia. Wacha wakukasirikie. Mtoto aliyelala ndani hatajua, na ndivyo inavyotakiwa.

Sijui kama utanikasirikia. Una haki, na Eldoret ni mbali vya kutosha kukasirika vizuri. Sikuombi uniambie umenisamehe kesho mbele ya gari. Najua neno hilo linavyoweza kutumiwa vibaya.

Ila naomba kitu kimoja. Ndani ya bahasha hii kuna kitu kizito kimefungwa kwa soksi. Ni ile valvu iliyoungua. Salim alinirudishia na sikuitupa, sijui kwa nini, nimeificha miaka yote kwenye kopo la misumari. Geuza kitako. Ile alama kwenye gundi, linganisha na kidole chako, kisha uje ulinganishe na changu. Unalijua lile kovu. Siku yoyote huko chuoni ukianza kuiogopa mikono yako, itoe hiyo valvu kwenye soksi uitazame.

Na nyingine. Nimechomoa waya ya stima kwenye amplifaya na nimezitoa valvu zote zikiwa baridi. Zimo kwenye trei ya mayai juu ya kabati, tano, zimechanganyika. Sijagusa kioo, nimeshika vitako. Tatu hazina majina kwa ajili ya mafuta taa yangu. Mbili zina herufi zake bado, ile aliyotuletea Salim na ile ndogo tuliyoweka mahali pa iliyokufa, na niliziogopa nikaziacha na vumbi lake. Wewe unazijua hata bila majina. Kaseti imo, imerudishwa mwanzo. Waya za spika sijaziangalia, hiyo ni kazi yako. Fiuzi ni fiuzi ya kweli, nimenunua leo asubuhi.

Kesho ukiamka sitakuwa ndani. Nitakuwa nje na anti yako nikifunga sanduku lako kwa kamba, nikijifanya sijui kufunga. Zirudishe mwenyewe, kila moja mahali pake. Bonyeza. Hesabu mpaka mia. Ukiamua kutofanya, nitakupeleka barabarani na sitakuuliza kitu, na zitakungoja kwenye trei mpaka utakaporudi. Mimi sitazichomeka. Nimestaafu.

Na wale ndovu. Alikuwa mmoja, Mwende. Alikuwa anafuata maji kwenye tangi la jirani, na alipita bila kugeuka. Lakini alipita wimbo wa pili ukiimba, hilo naapa, na alipunguza mwendo kidogo.

Basi mama. Nikiwa pale nje nikimsikia yule wa safu ya pili, wa mwisho, anayechelewa, nitaleta chai ndani. Nikiwa na haki ya kuingia.

Ni mimi mwenye gumba,
Anko Kioko